Shangazi, nifunge ukurasa au nifunge mdomo?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mhandisi wa miundo ya majengo, mwanamke wa makamo, na kwa miaka mingi nimekuwa pia mwandishi wa hadithi fupi. Kazi ya kwanza inanilisha, ya pili ndiyo inayoniamsha alfajiri bila kuitwa. Zamani hazikuwa zikikutana. Ofisini nilikuwa mtu wa michoro na mahesabu, nyumbani nilikuwa na daftari langu. Mitandao ya kijamii ndiyo iliyozikutanisha, na sasa zinagombana kichwani mwangu.

Nilifungua ukurasa kwa ajili ya hadithi tu. Nilikuwa nikibandika aya moja moja, marafiki wanasoma, wanacheka, wanaendelea na shughuli zao. Siku moja nikaeleza, kwa lugha ya kawaida, kwa nini zege halipimwi kwa macho: kwamba vipande vya majaribio huchukuliwa siku ile ile ya kumwaga, vikatunzwa kwenye maji, kisha vikapondwa kwa mashine baada ya siku 7 na vingine baada ya siku 28, na kwamba namba ya siku ya 28 ndiyo inayomwambia mhandisi kama nguzo itaubeba mzigo alioukadiria. Sikutarajia lolote. Maelezo yale yalisambaa kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Watu wanaojijengea nyumba wakaanza kuniuliza maswali, mengine ya maana sana. Nikaendelea: nondo, unene wa zege unaokinga chuma kisishike kutu, maji yanayozidishwa kwenye mchanganyiko ili mafundi wamwage kwa urahisi halafu nguvu ya zege ikashuka. Wafuasi wakawa maelfu kwa maelfu.

Kisha jengo moja likaanguka likiwa bado linajengwa. Mimi sikusema neno. Lakini mtu nisiyemjua alikata sentensi moja kutoka kwenye maelezo yangu ya zamani, ile niliyosema “maji yakizidi, zege huwa limeshauawa kabla halijashika”, akaibandika juu ya picha ya kifusi pamoja na jina langu na cheo changu. Ikasomeka kama hukumu. Mkandarasi wa jengo lile ni mteja wa kampuni ninayofanyia kazi, na uchunguzi bado haujakamilika. Mkuu wangu akaniita. Hakunikaripia. Alisema anajua sikumtaja mtu, lakini mteja amelalamika, kwa hiyo ama nifunge ukurasa, ama kila ninachotaka kubandika kipite mezani kwake kwanza. Nikamuuliza, hata hadithi? Akasema, hata hadithi.

Huku nyuma wafuasi nao wamenigeukia. “Leo mbona kimya?” “Wamekulipa kiasi gani?” Maneno haya yananiuma kuliko nilivyotegemea, kwa sababu sehemu yangu inakubaliana nayo. Chuoni tulifundishwa habari za hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, ambako mwaka 1981 njia mbili za kupitia watu zilizoning'inizwa ndani ya ukumbi ziliporomoka na kuua watu 114. Siku chache tu baadaye, mhandisi aliyeajiriwa na gazeti la mji ule aligundua kwamba mpangilio wa vyuma vya kuning'inizia ulikuwa umebadilishwa. Kwenye muundo wa awali chuma kimoja kirefu kilibeba njia zote mbili. Kilichojengwa ni vyuma viwili tofauti, njia ya chini ikaning'inia kwenye njia ya juu, na kiungo kimoja kikabeba mzigo mara mbili. Habari zile zikapata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Sasa mimi najiuliza: yule mhandisi angeambiwa “pitisha kwanza kwa mkuu wako”, umma ungejua lini? Nikikaa kimya, mimi ni mtaalamu mwangalifu au ni mwoga mwenye mshahara?

Na kuna hili la kitabu. Mswada wangu wa hadithi uko kwa mchapishaji. Ameupenda, lakini swali lake la kwanza halikuwa kuhusu hadithi, lilikuwa “una wafuasi wangapi?” Nilipomtajia idadi alifurahi, akanishauri nisiache kubandika, tena niwe nabandika hadithi kutoka kwenye mswada ili kuwasha moto. Ukweli ambao sikumwambia ni kwamba wale maelfu wamekuja kwa ajili ya zege. Nikibandika hadithi wanapita kimya kimya.

La mwisho nalisema kwa aibu kidogo. Siku hizi nikiandika hadithi, najikuta natafuta sentensi ya kwanza itakayofanya kidole kisiteleze. Hadithi zimeanza kujipamba. Sijui tangu lini.

Kaka yangu anasema nifunge kila kitu, kazi ni kazi. Rafiki yangu mwandishi anasema nigawanye kurasa mbili, ya uhandisi na ya hadithi. Mwingine anasema nichukue jina la kubuni niseme ninachotaka. Shangazi, nifanye nini?

Ni mimi,
Mwenye Michoro na Daftari

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kukosa usingizi, na asante kwa barua iliyonyooka. Unaandika kama mtu aliyezoea kuonyesha hesabu zake.

Nikurudishie nilivyokuelewa, unisahihishe nikipotoka. Una mkuu wa kazi anayemhofia mteja. Una umati unaokutaka uwe shahidi wa jambo ambalo hukuliona. Una mchapishaji anayehesabu vichwa. Na una hadithi ambazo, kwa maneno yako mwenyewe, zimeanza kujipamba. Yote haya umeyaweka chini ya swali moja: nifunge au nisifunge. Mimi naona ukiufunga ukurasa leo, mchapishaji atabaki na swali lake na wewe utabaki na dukuduku lako la kukaa kimya. Ukiuacha wazi kama ulivyo, mkuu wako hatalala na hadithi zitazidi kujitia wanja. Labda ndiyo sababu kila ukilijibu swali hilo, jibu linakukataa.

Tuanze na sentensi iliyokatwa. Nasikia ndani ya barua yako bado unatafuta namna ambayo ungeiandika isikatike. Sidhani ipo. Ukurasa wa mtandao ni hema moja lililokodiwa kwa harusi na msiba siku moja: anayejenga nyumba yake, mkandarasi, aliyefiwa, mkuu wako, mchapishaji, rafiki wa chuoni, wote wamekaa humo na kipaza sauti ni kimoja. Watafiti Alice Marwick na danah boyd waliliandika jambo hili mwaka 2011 baada ya kuchunguza watumiaji wa Twitter, mtandao ambao siku hizi huitwa X. Mtu anapoandika huwa na msomaji fulani kichwani mwake, ilhali wanaomsoma ni makundi ambayo kwa kawaida yasingekaa chumba kimoja. Na kusambaza hakugharimu kitu. Chris Wetherell, aliyeongoza kazi ya kutengeneza kitufe cha kusambaza cha Twitter mwaka 2009, miaka kumi baadaye aliwaambia waandishi wa habari kwamba alipoona kinavyotumika alifikiri huenda wamempa mtoto wa miaka minne silaha yenye risasi. Kwa hiyo aliyekukata hakuhitaji hata kukuchukia. Alihitaji kidole tu.

Hata hivyo, niruhusu niiguse sentensi yenyewe, kwa upole. “Zege limeshauawa.” Nilipoisoma nilisimama, maana ni nzuri. Lakini hiyo, mwanangu, si sentensi ya mhandisi. Ni ya mtunzi wa hadithi. Mhandisi angesema nguvu ya zege imepungua. Mtunzi alisema limeuawa, na penye kuuawa msomaji hutafuta muuaji. Wala sisemi ulikosa. Mahali pake, siku uliyoiandika, ilikuwa ikiwafundisha watu jambo la kweli kwa namna ya kukumbukwa. Ninachokiona ni kwamba umeniandikia kuhusu mtandao unavyoingia kwenye hadithi zako, ila hukutaja kwamba na hadithi nazo zimeingia kwenye uhandisi wako. Kalamu zako mbili zimekuwa zikiazimana wino kimya kimya. Pengine wafuasi wale maelfu hawakuja kwa ajili ya zege peke yake. Walikuja kwa sababu zege lilisimuliwa na mtu anayejua kusimulia. Hilo ni jambo la kufurahia, na ni jambo la kuliangalia pia, kwa sababu cheo chako kinaipa kila tamathali ya usemi uzito wa ripoti.

Sasa twende kwenye kukaa kimya, maana hapo ndipo naona unaumia. Mfano wako wa Kansas City ni mzuri, nami nataka tuutazame tena pamoja. Yule mhandisi alikuwa na nini mkononi? Kwa ulivyosimulia mwenyewe, alilinganisha kilichochorwa na kilichojengwa, akaona tofauti. Alikuwa na gazeti lililomwajiri kwa kazi hiyo, na gazeti lina wahariri wa kuuliza “una hakika?” kabla ya kuchapa. Alichosema kilihusu vyuma na viungo. Wewe ulichonacho juu ya jengo lililoanguka ni picha za simu, kama walizonazo wafuasi wako. Je, kunyamaza pale ambapo hujaona mchoro ni woga? Au wanaokuuliza “mbona kimya” wanakudai kitu ambacho wewe mwenyewe usingekitia sahihi ofisini?

Lakini sitaki nikupe faraja ya bure. Ipo siku nyingine, na katika kazi yako naamini itakuja kama haijafika, ambapo utakuwa umeuona mchoro, utakuwa na hofu ya kweli kwamba watu watakufa, na utaambiwa nyamaza. Siku hiyo kunyamaza hakutaitwa uangalifu. Nakushauri ujue mapema utapita mlango gani: bodi inayosajili wahandisi, mamlaka ya ujenzi, wakili, mwandishi wa habari anayejua kulinda chanzo chake. Kanuni za maadili za wahandisi katika nchi nyingi huweka usalama wa umma juu ya maslahi ya mwajiri na mteja, na kanuni hizo hizo humtaka mhandisi anapozungumza hadharani aseme kilicho cha kweli, bila chumvi. Soma zako, uzisome taratibu, maana hizo ndizo zitakazokusimamia kuliko ukurasa wowote. Mtandao wa kijamii katika jambo kama hilo mara nyingi ni mlango wa mwisho, na ni ule ambao ukishaupita, kashfa na mahakama zinaweza kukufuata hadi ndani.

Mkuu wako. Hapa nina mashaka kama mmeelewana. Alikupa mambo mawili ya kuchagua akiwa amebanwa na mteja, na wewe umeyabeba kana kwamba ni sheria iliyoandikwa. Je, kampuni ina mwongozo wowote kuhusu wafanyakazi na mitandao? Mkataba wako unasema nini? Mkuu anapotaka hadithi zipite mezani kwake, anaogopa hadithi, au aliogopa kukubali kwamba hajui mpaka uko wapi? Ungeweza kumpelekea pendekezo lako mwenyewe kwa maandishi: kwamba jina la kampuni halitatokea popote, kwamba hutagusa jengo lolote linalochunguzwa wala mradi wowote wa wateja wenu, kwamba maelezo ya kitaalamu atayasoma mtu mmoja aliyekubaliwa, na kwamba hadithi hazimo. Huenda akakubali, maana wakuu wengi hupenda kupewa karatasi ya kutia sahihi kuliko kuandika wenyewe. Hatari yake ni kwamba ukiomba mpaka uandikwe, unaweza kuandikiwa mwembamba kuliko unaoufuata sasa kimya kimya. Hilo lipime. Na usitegemee sana ile kauli ya “maoni haya ni yangu binafsi” ambayo watu huibandika juu ya kurasa zao. Inamwambia msomaji nia yako, lakini haimfungi mikono mwajiri wala haimzuii mtu kukushtaki.

Kuhusu mchapishaji nitakuwa mkali kidogo, si kwako. Swali la wafuasi linaulizwa siku hizi kila mahali, na linaeleweka, maana kuuza kitabu cha hadithi fupi ni kazi ngumu. Lakini idadi ya wafuasi si idadi ya wanaokuona, seuze wanaokusoma, seuze wanaonunua. Tangu mwaka 2016, Instagram na Twitter ziliacha kupanga mambo kwa saa yaliyobandikwa. Mashine ndiyo inayokisia nani aonyeshwe nini, na ikishazoea kwamba watu wako husimama kwenye zege, hadithi itaonyeshwa wachache. Kwa hiyo wanaopita kimya, wengine hawajapita kabisa, hawakuonyeshwa. Sijui kama hili linakupunguzia uchungu au linauongeza.

Ukimweleza mchapishaji kwamba wasomaji wako wamekuja kwa mlango wa uhandisi, anaweza kupoa. Anaweza pia kuona kitu ambacho wewe hujakiona, kwamba kitabu cha hadithi kilichoandikwa na mwanamke anayejenga maghorofa kina mlango wake mwenyewe. Hata ukichelewa, ataujua ukweli siku mauzo yatakapohesabiwa. Mimi ningependa mtu anayetaka kunichapisha ajue ninachokijua, ila wewe ndiye unayejua mazungumzo yenu yamefika wapi.

Ila lile la kubandika hadithi za mswada, simama kwanza. Majarida na mashindano mengi ya uandishi huhesabu hadithi iliyobandikwa hadharani kuwa imeshachapishwa, na hukataa kuipokea. Mkataba wa kitabu nao unaweza kuwa na kifungu kuhusu kazi zilizokwisha kutoka. Halafu kuna yale masharti marefu tunayoyakubali bila kuyasoma tunapofungua akaunti: haki ya utunzi inabaki kwako, ni kweli, lakini unaipa kampuni ya mtandao leseni pana ya kuitumia kazi hiyo bila malipo, kuinakili, hata kuwaruhusu wengine. Siku hizi baadhi yao hutumia yaliyobandikwa hadharani kuzifundisha programu za akili bandia. Wapo waandishi wanaosema potelea mbali, bora kusomwa. Wapo wanaobandika aya moja tu na kuficha nyingine zote. Muulize mchapishaji anataka ubandike zipi, kiasi gani, na aliandike hilo kwenye mkataba.

Sasa njia ulizopewa. Kaka yako anasema funga. Ukifunga utapata utulivu wa haraka, na nisingekucheka hata kidogo. Wapo waandishi wakubwa wasio na ukurasa wowote. Utapoteza wale wanaojijengea nyumba, ambao baadhi yao huenda walimwaga zege bora kwa sababu yako, na hilo si dogo. Kama unawaza kufunga, unaweza kwanza kupumzisha akaunti bila kuifuta, uone baada ya wiki chache unachokikosa ni nini hasa: maswali ya watu, hadithi, au makofi. Jibu lolote kati ya hayo litakuwa halali, lakini kila moja lingekupeleka njia tofauti.

Rafiki yako anasema gawanya. Kugawanya kunamsaidia msomaji kujua anasikiliza sauti ipi, na kwa mtu ambaye kalamu zake zinaazimana wino, huenda hicho ndicho kinachohitajika kuliko usiri wowote. Gharama yake ni kwamba ukurasa wa hadithi utaanza karibu na sifuri, na kurasa mbili ni vinywa viwili vya kulisha. Tena usidhani ukuta huo ni imara. Jina lako ni moja, anayetaka kukata sentensi atavuka tu.

Jina la kubuni lina historia ndefu na yenye heshima katika uandishi wa hadithi, na kwa hadithi silioni baya. Kwa kusema “ninachotaka” juu ya majengo na wakandarasi, hapo naogopa. Nyingi ya programu hizi huomba orodha ya namba zilizomo kwenye simu yako, na hutumia orodha kama hizo kupendekeza akaunti kwa wanaokufahamu. Mkuu wako anaweza kuletewa ukurasa wako wa siri na simu yake mwenyewe, bila mtu yeyote kukusaliti. Na namna yako ya kuandika inajulikana. Kama nilivyoona kwenye “zege limeshauawa”, sentensi zako zina sura. Siku utakapofichuliwa, watu hawatauliza ulisema nini. Watauliza kwa nini ulijificha.

Hawa washauri wako wote wametaja kurasa, hakuna aliyetaja barua pepe, kwa hiyo nikuongezee njia hiyo. Waandishi wengi siku hizi huwaomba wasomaji wao waache anwani, kisha huwatumia hadithi moja moja kwa mwezi. Ni pole pole, haina makofi, na idadi itakuwa ndogo hata ya kukuaibisha mbele ya mchapishaji. Lakini anwani hizo ukihama unahama nazo. Waliokuwa na wafuasi wao kwenye Vine waliona mlango unafungwa Januari 2017, wa Google+ Aprili 2019, na wafuasi hawakubebeka. Tena aliyekupa anwani yake kwa ajili ya hadithi amekuja kwa ajili ya hadithi. Wako mia moja wa namna hiyo? Hamsini? Ungependa kujua, au unaogopa kujua?

Hapo tunafika kwenye lile ulilolisema kwa aibu, mistari michache tu mwishoni mwa barua ndefu. Mimi nililisoma kama moyo wa barua. Umesema unatafuta sentensi ya kwanza itakayozuia kidole. Kutafuta sentensi ya kwanza nzuri hakukuanza na mtandao. Kila msimuliaji aliyewahi kuanza na “paukwa” alikuwa anashika masikio ya watu. Kwa hiyo usijihukumu kwa kutaka kusikilizwa. Ninachotaka ujiulize ni kinachotokea kwenye ukurasa wa pili, wa tatu, wa saba, pale ambapo hakuna kidole cha kuzuia, na hadithi inahitaji kukaa kimya kidogo, kumwacha mhusika afue nguo, apike, asiseme lolote la kunukuliwa. Bado unamvumilia mhusika huyo? Kama unamvumilia, basi mtandao umekupa chambo tu na samaki ni wako. Kama umeanza kumkatisha, hilo ni jambo ambalo kufunga ukurasa peke yake huenda kusilirekebishe, kwa sababu msomaji huyo mwenye haraka sasa anakaa kichwani mwako na hahitaji intaneti.

Kuna waandishi niliowahi kuongea nao wanaoweka kanuni ndogo kwa ajili ya hili. Mmoja haandiki hadithi kwenye simu kamwe, daftari tu. Mwingine habandiki kitu chochote siku aliyokiandika. Hukiacha kilale, akikirudia kesho huona mwenyewe neno lililowekwa kwa ajili ya makofi. Mwingine amezima hesabu ya waliopenda, na anasema wiki za mwanzo alijisikia kama kiziwi, kisha akazoea. Sijui ipi inakufaa. Labda hakuna. Wewe ulikuwa na daftari kabla ya ukurasa, na hujaniambia kama bado unalo, au kama kwenye daftari hilo bado kuna hadithi ambayo hakuna mtu aliyeiona.

Kuhusu wanaokuandikia “wamekulipa kiasi gani”, huna deni la kuwajibu mmoja mmoja. Kama unataka kusema kitu kimoja kwa wote, unaweza kueleza tu jinsi uchunguzi wa jengo lililoanguka unavyofanywa: vipande vya zege vinavyochimbwa kwenye kifusi na kupondwa, nondo zinavyopimwa, michoro inavyolinganishwa na kilichosimama, na kwa nini hilo huchukua muda. Usitaje jengo. Usiweke picha. Muda wa kubandika nao una maana: maelezo hayo hayo yakitoka wiki ya msiba yatasomwa tofauti na yakitoka miezi baadaye. Na kama umekubali kupitisha maelezo ya kitaalamu kwa mkuu, hayo yawe ya kwanza kumpelekea. Utajua haraka kama anachoogopa ni mteja au ni wewe.

Niandikie tena ukishazungumza naye. Ningependa pia kujua mchapishaji alisema nini ulipomwambia wasomaji wako walitoka wapi, kama utaamua kumwambia.

Shangazi